Koti Lenye Vifungo vya Fedha

Nabor alikuwa mwizi, na mtaa wake wa vibanda pembezoni mwa jiji la Meksiko ulimpenda, kwa kuwa hakuwahi kumwibia maskini. Jumapili moja alikuwa uani akiimba, amevaa koti lenye vifungo vya fedha, bwana mkubwa mmoja, Don Evaristo, alipoingia na polisi wawili pamoja na mke wake mwenyewe, ambaye ndiye hasa mwenye utajiri wa nyumba yao.

"Koti langu hilo," Don Evaristo akasema, leso puani. "Mkamateni huyu mbwa."

Nabor alijua akifungwa safari hii hatoki leo wala kesho. Akalivua koti taratibu.

"Sawa, mzee. Ila uape mbele ya mama hapa kwamba koti ni lako, pamoja na barua zote za mapenzi zilizomo mfukoni."

Don Evaristo akalitazama koti, akamtazama mkewe, jasho likamtoka.

"Nimelifananisha," akasema. "Si langu."

Polisi wakaondoka wakicheka. Mke akanyoosha mkono. "Nipe hizo barua."

Nabor akaugeuza mfuko. Yakadondoka maganda ya karanga.

"Hamna barua, mama. Mimi hata kusoma sijui."

Mama akamgeukia mumewe.

"Sasa wewe uliogopa barua zipi?"