Nani Awe Somo wa Mtoto?

Pii! Pii! Pii! Usiku wa manane kifaa kililia kando ya kitanda. Atuganile akaruka, akamnyanyua mwanawe, akamsugua mgongo, akamwita "Wewe! Wewe!" maana jina bado, mpaka mtoto akavuta pumzi na kulia. Chumbani hapakuwa na wa kumwambia pole. Mumewe alikuwa mgodini Chunya, simu haishiki.

Mtoto alikuwa njiti, kazaliwa kabla ya miezi kutimia, na kifaa hicho cha kulinda pumzi kilikuwa jasho la watu watatu.

Ambakisye ndiye aliyeandika programu yake. Angeweza kuiuza, akaitoa kwa leseni huria: atakaye aitumie, atakaye aibadilishe, mradi mabadiliko ayaweke wazi kwa wote. Ila leseni hiyohiyo ilisema ikiharibika, hadaiwi mtu.

Subira, fundi wa vifaa vya hospitali, aliichukua bure, akashinda wodini akisikiliza vichanga, akaibadilisha isikie hata pumzi nyembamba kama uzi. Naye akayaweka wazi yote.

Gwamaka hakubuni kitu. Hitilafu zikitokea, yeye peke yake huzirekebisha, bila mshahara. Jioni ya kuamkia usiku ule kifaa kiliganda, Atuganile akampigia, naye akaacha ugali wake akatuma marekebisho.

"Zima, washa tena, dada. Taa ya kijani?"

"Imewaka, kaka!"

"Basi lala."

Kulipokucha Atuganile akawapigia wote watatu kwa pamoja. "Mmoja wenu nitampa mwanangu jina lake, awe somo wake." Na kwao, mtu hamtupi somo wake.

"Bila mimi mngebadilisha nini?" Ambakisye akacheka.

"Yako ilisikia wanaokoroma tu, kaka!" Subira akamrudishia.

Gwamaka akasema, "Mpe yeyote, dada. Mimi mwezi huu nauachia mzigo. Nimechoka. Mwingine ashike."

Kati ya wale wawili hakuna aliyesema nitashika.

Simu ikakatika, Atuganile akabaki na mtoto kifuani, na kifaa ambacho kikiganda tena hajui atamwita nani. Amshukuru aliyeanzisha? Aliyekifanya kifaa kimsikie mwanawe? Au ampe Gwamaka, ili aone haya kuondoka, na hapo jina liwe zawadi au kamba shingoni mwa mtu aliyechoka?

Haya, wewe unayesikiliza: jina ungempa nani? Ninong'oneze. Naahidi sitamwambia mtu mwingine, hata Gwamaka.