Damu ya Mama Sechelela

Wapendwa, alikuwepo mama mmoja mjane, tumwite Mama Sechelela. Hakuwa na ng'ombe wala kuku wa kuchinja. Lakini mvua zikianza tu, yeye ndiye wa kwanza kuinama kando ya mashamba, kuchuma mboga za porini, mgagani na mlenda. Nyingine aliwapikia wanawe kwa karanga za kutwanga, nyingine aliianika, akaiweka akiba ya kiangazi. Nyumbani kwake ugali mtupu haukujulikana.

Jirani yake alikuwa mke wa mwenye duka. Huyu alisema mboga za porini ni chakula cha watu waliokosa. Kwake ni wali mweupe, maandazi na soda. Hata mimba yake ilipokuwa kubwa, nesi akamwambia damu yake iko chini, ale mboga za majani, yeye alilicheka jambo hilo njia nzima. Siku hiyo hiyo akamkuta Mama Sechelela shambani, akamwambia, "Dada, utaacha lini kushindana na mbuzi?"

Mnadhani haikumuuma? Ilimuuma. Ila aliendelea kuchuma, maana watoto walikuwa wanasubiri kula.

Mwezi haukuisha. Mke wa mwenye duka akajifungua mtoto wa kike, mzima, lakini mama mtu damu ikakataa kukatika. Hospitalini wakasema aongezwe damu upesi, na ya kundi lake haikuwepo. Mumewe akapimwa, kundi likawa si lile. Dada zake wawili wakapimwa, wakaambiwa hata wao wenyewe damu haiwatoshi. Mwenye duka akakaa chini kwenye sakafu, na fedha zake mfukoni.

Habari zilimfikia Mama Sechelela akiwa anapalilia. Akaweka jembe, akaenda kwa miguu. Hakuna aliyemwita.

Mpimaji alitazama kipimo, akamtazama na yule mama, mwembamba, vumbi hadi magotini. Akapima tena, damu ikawa tele vilevile. Kisha akauliza, "Mama, unakula nini wewe?"

"Mgagani," akajibu. "Na mlenda. Na karanga, Mungu akijalia."

Kundi likalingana. Damu ikatoka mkononi kwake, ikaingia kwa yule mwingine.

Siku ya tatu mgonjwa akaelezwa ni damu ya nani. Akageukia ukutani, akalia. Mama Sechelela alipokuja kumjulia hali hakumkumbusha neno lolote; aliuliza tu kama mtoto ananyonya. Mgonjwa akamshika mkono. "Dada, nifundishe kuipika ile mboga. Mimi naogopa uchungu wake."

"Ukiitia karanga uchungu unapoa," akamwambia. "Nitakuja jikoni kwako tupike wote."

Sasa tuje kwetu sisi. Nani hapa, mgeni akipiga hodi, hafuniki chungu cha mlenda na kukimbilia dukani? Nani hajamwona mtoto wake amepauka kwa wanga mtupu, huku mboga imesimama nyuma ya nyumba? Mungu anatuoteshea bila sisi kununua mbegu, nasi tunang'oa, tunatupa, tunaita magugu. Tunaona aibu juu ya kitu kinachotuweka hai! Na wanaokiheshimu tunawacheka, tusijue kesho uhai wetu utaombwa kwa nani.

Mkitoka hapa mchana huu, tazameni mnapokanyaga. Chakula cha watoto wenu kimeota hapo.