Siku Kombo Alipojikomea Ndani

Haya, sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, asiye na mtoto aazime wa jirani, maana mwishoni nina swali. Anayesinzia akalale sasa hivi, asije akaniambia hakusikia.

Huko Muheza palikuwa na mama mmoja, jina lake Siwatu. Alikuwa na mtoto hajatimiza miaka mitatu, Kombo, na mwingine tumboni, mimba kubwa. Huyo Kombo, Mungu amkuze, hakuwa mtoto, alikuwa shughuli! Uji anaukataa, sabuni anaila. Ukimwogesha anarudi kwenye tope kabla hujamwaga maji. Viatu vya baba yake vilitafutwa kutwa nzima, vikakutwa ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Siwatu akienda chooni huimba kwa sauti, ili mwanawe amsikie yupo asije akaupiga mlango mateke.

Kitu kimoja kilimliwaza. Huyu wa tumboni akiwa msichana, ataitwa Rukia, jina la marehemu mama yake Siwatu, aliyefariki kabla ya kuiona mimba hii. Hakumwambia mtu, hata mumewe Hemedi. Alilitaja peke yake akiosha vyombo.

Watu watatu walikuwa karibu naye, kila mmoja na alichojaliwa. Mama mkwe wake, Bi Tatu, alijaliwa sikio. Mtoto akilia nyumba ya tatu, yeye anakwambia huyu njaa, huyu tumbo, huyu anadeka tu, mwacheni. Jirani yake Mwantumu, mshona nguo, hakujaliwa kuzaa, lakini ulimi alipewa. Mtoto aliyeitema dawa kwa mama yake, kwa Mwantumu anainywa na kijiko analamba. Na shemeji yake Mbwana, seremala, alijaliwa mikono. Mlango wa nyumba ile aliuchonga yeye, na komeo akaliweka yeye, chini kabisa, usawa wa magoti. Kwa nini magotini? Mwulizeni mwenyewe.

Siku moja ya mvua Siwatu aliingiza jiko la mkaa ndani, akabandika maharage. Mvua ilipokatika kidogo alitoka kuanika nepi, akarudi. Hajakaa sawasawa, anamsikia Bi Tatu barazani kwake: "We Siwatu, nepi zinalowa, kimbia!" Siwatu akakimbia. Nyuma yake, kriik! Kombo amekomea mlango.

"Kombo, mfungulie mama."

"Sitaki. Mimi baba."

Siwatu alicheka. Kisha akakumbuka jiko, na kicheko kikamkauka. Dirisha lilikuwa limefungwa, tena lina nondo. Akausukuma mlango kwa bega na tumbo lake lile, haukutikisika. Akapiga ukunga, "Jamani njooni! Mwanangu na moto!" Watu wakajaa uani, na Siwatu, nepi mbichi begani, akalitoa neno: "Atakayenitolea mwanangu humu ndani, huyu wa tumboni akizaliwa, jina atampa yeye! Nyote mashahidi!"

Neno likishatoka, ndugu zangu, halirudi.

Sasa sikilizeni vizuri. Uani kila mtu alikuwa anapiga kelele na wanaume wanataka kuvunja mlango. Bi Tatu akasema, "Nyamazeni!" Akabandika sikio mlangoni. Ndani kimya. "Amelala huyo," mmoja akasema. "Alale wapi? Mtoto akinyamaza yuko kazini." Bi Tatu akamkata, akasikiliza tena. Kwaru, kwaru. "Anaburuta kigoda. Anakwenda kukoroga maharage. Ole wake atakayegonga! Akishtuka ataangukia sufuria."

Mwantumu akajilaza kwenye tope na gauni lake jipya, mdomo kwenye upenyo chini ya mlango. "Kwii, kwii. Mimi kifaranga. Nalowa mwenzenu, nani atanifungulia?" Kigoda kikanyamaza. "Kifaranga gani?" ikauliza sauti ndogo. "Mdogo kabisa. Mama yangu kanipoteza." Vikaja vishindo vya miguu, kisha kidole kikachungulia chini ya mlango. Mwantumu akakigusa kwa midomo. "Anadonoa!" Kombo akacheka. "Nifungulie basi, baba." Kombo akavuta komeo. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. "Limegoma," akasema. "Ngoja nikakoroge kwanza." Siwatu akajishika kichwa.

Mbwana alikuwa ameshafika na mtaimbo. "Mlango huu nimeuzaa mimi," akasema. Akauchomeka chini, upande wa komeo, akauinua mlango mzima kidogo tu ili komeo lisibanwe, mishipa ya shingo imemtoka. "Kifaranga, mwambie avute sasa!" "Vuta, baba, nakufa baridi! Vuta!" Kriik. Mlango ukafunguka.

Siwatu alimnyakua mwanawe, akambusu, akamchapa matakoni, akalia, vyote kwa pamoja. Maharage yaliungua na hakuna aliyeyaulizia.

Mtoto akazaliwa. Msichana. Siku ya saba, siku ya kunyolewa nywele na kupewa jina, wale watatu wakaketi mkekani.

Bi Tatu akaanza. "Aitwe Mishi. Mwanangu wa kwanza, hakufika hata arobaini. Kama si sikio langu, mngevunja mlango na mtoto angeingia motoni."

"Aitwe Mwantumu," akasema Mwantumu. "Wenzangu mna wa kuwarithi. Mimi nikifa, jina langu linafukiwa na mimi. Kama si kifaranga, Kombo angetoka kwenye kigoda?"

"Aitwe Salha," akasema Mbwana.

"Salha ndiye nani?"

"Kuna binti mmoja kule sokoni. Wazazi wake wananikatalia posa; wakisikia, huenda wakalegeza." Watu wakaangua kicheko. "Chekeni! Bila mtaimbo kifaranga angelia mpaka leo."

"Na komeo la magotini aliweka nani?" akauliza Mwantumu.

"Na mchezo wa 'mimi baba, nafunga mlango' alimfundisha nani, kama si wewe?" Mbwana akamrudishia.

Mwantumu akatazama pembeni. Bi Tatu akatabasamu, kwa kuwa ile habari ya nepi hakuna aliyeikumbuka.

Hemedi akainua mikono. "Mimi sikuwepo. Ila kwa haki, aliyelivuta komeo ni Kombo. Kombo, mdogo wako anaitwa nani?"

"Kifaranga!"

Wote wakacheka, isipokuwa Siwatu. Alikuwa anamtazama mtoto mapajani. Pua ile ni ya mama yake, haina ubishi. Akisema "Rukia", atakuwa mtu aliyeahidi mbele ya watu kwenye shida na kukana kwenye raha, na waliomwokolea mwanawe wanamtazama. Akinyamaza, jina la mama yake atakuwa amelitoa kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye wembe ameshalowesha nywele za mtoto, anangoja.

Bi Tatu akainamisha sikio, kama kawaida yake. Akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mtoto halii. Mbona wewe unalia?"

Hapo ndipo ninapowaachia. Sikio, ulimi, mikono, na kile kidole kidogo kilichovuta komeo: jina ni haki ya nani? Na ungekuwa wewe ndiye Siwatu, watu wote wanakungoja, Bi Tatu ungemjibu nini?