Kibuyu Kizima au Kilichovunjika?

Wapendwa, kulikuwa na dada mmoja mwoka keki, ambaye siku moja aliingia kwenye duka la mchora tatuu. Naona wazee wa kanisa wameshaanza kukunja nyuso. Zikunjueni kwanza, habari yenyewe bado.

Dada huyu alitaka achorwe kibuyu mkononi. Si ua, si jina la mchumba. Kibuyu! Alipokuwa mdogo kulikuwa na vitabu vyembamba vya hadithi vilivyofuatana, vya msichana mchunga mbuzi mwenye kibuyu cha maji yasiyoisha. Kila kitabu msichana anafika penye ukame, anakiinamisha kibuyu, watu wanakunywa. Kaka yake ndiye aliyeviazima shuleni na kumsomea kwa sauti, naye dada kwa shukrani akawa anamfulia kaka soksi. Soksi za mvulana wa darasa la saba mnazijua wenyewe. Alizifua bila kunung'unika, kwa sababu kaka akisoma, hata mbuzi walikuwa na sauti zao.

Sasa, na huyo kaka walikuwa hawasemezani. Mama yao alipofariki, kaka hakuja kuzika. Hakuja, wala hakueleza. Dada akaapa kwamba tangu siku ile hana kaka, akaifunga namba yake isiingie kwenye simu. Lakini utoto ule haukumtoka moyoni. Akaona bora abaki na kibuyu, kaka aende zake. Mnanielewa? Alitaka hadithi bila aliyemsomea.

Fundi aliposikia mchoro unaotakiwa, aliweka mashine chini akacheka kwa furaha.

"Kibuyu cha mchunga mbuzi! Kumbe na wewe dada yangu umekulia humo? Haya, nikuchoree kizima au kilichovunjika?"

"Kilichovunjika? Kile hakivunjiki bwana. Maji yake hayaishi."

"Kitabu cha mwisho ulisoma?"

Hakukisoma. Kitabu cha mwisho kaka alikipata alipokuwa bwenini, sekondari. Kila alipoombwa alisema, "Likizo ijayo nitakusomea," mpaka wote wawili wakawa watu wazima.

"Basi niambie wewe. Kilivunjikaje?"

"Sikwambii," fundi akasema. "Nikikusimulia hapa juu juu nitakuwa nimekudhulumu. Mtafute aliyekusomea vile vingine."

Akatoka na mkono wake mtupu na swali lake. Na swali likishakuingia hivyo, kuna kazi inayofanyika? Siku ile aliandika "Heri ya Ndoa" juu ya keki ya kipaimara! Kilianguka? Kiliibwa? Nani angethubutu kukivunja? Alijiambia kwamba yule mtu hampigii hata iweje. Kabla jua halijazama alikuwa ameifungua namba.

"Shikamoo kaka." Neno lilimtoka kabla hajapanga la kusema.

"Marahaba, mdogo wangu." Sauti ilikuwa ile ile.

"Sikupigii kwa mengine. Kibuyu kilivunjikaje?"

Kaka hakuuliza kibuyu gani.

"Msichana alikivunja mwenyewe," akasema. "Yule jirani aliyemwibia mbuzi, nyumba yake ilishika moto na yeye yumo ndani. Na mdomo wa kibuyu si ni mwembamba? Maji yanatoka kidogo kidogo, hayawezi kuzima moto. Akakipiga kwenye jiwe, yakamwagika yote kwa mara moja. Jirani akapona. Kibuyu ndiyo basi tena."

Dada akakaa juu ya mfuko wa unga. "Kwa nini hukunisomea?"

"Ulikuwa unakipenda mno. Sikutaka kukuona unalia." Akavuta pumzi. "Mimi miisho hunishinda. Hata kwa mama. Nilifika stendi na begi langu, basi likaondoka nimesimama pale pale. Nilijidanganya kwamba nisipomwona anafukiwa, kwangu atakuwa bado yupo. Nilikosa, mdogo wangu. Nilikuacha uzike peke yako."

Jibu la maneno hayo dada alikuwa nalo. Alilitunza tangu msibani, kali, na sasa lilikuwa tayari kwenye ulimi. Iliuma, wapendwa, tusidanganyane. Akalimeza.

"Njoo," akasema. "Kaburini nitakupeleka mimi. Na hicho kitabu, kama bado unacho, njoo nacho."

Mbona mnanitazama hivyo? Ahaa, mnataka kujua kama alirudi kuchorwa. Angalieni tulivyo! Kaka amekiri, dada amesamehe, kaburi la mama linapata mtoto wa pili wa kulipalilia, na sisi bado tunakagua mkono wa mtu.

Haya, tukague na ya kwetu. Misalaba tumevaa shingoni. Mistari ya Biblia tumeibandika kwenye vioo vya magari. Tunazipenda zile sura za mtoto horini na za mikate iliyobaki vikapu kwa vikapu, pale ambapo neema haiishi na sisi tunakunywa. Lakini sura ile ambayo mwenye kibuyu anakivunja kwa ajili ya mtu aliyemwibia, hiyo tunasema likizo ijayo. Msalaba huo ulioko shingoni kwako unatoka katika sura hiyo. Umewahi kuisoma mpaka mwisho?

Kuna mtu ambaye umemfungia namba. Unamjua, tangu nilipotaja zile soksi umemkumbuka. Ukitoka hapo mlangoni utaiwasha simu uliyoizima kwa ajili ya ibada. Mpigie yeye kwanza. Na kama hujui pa kuanzia, anza na salamu.