Mwoka Mikate na Foleni ya Sifuri

Juma hili, wapendwa, watu saba wamekuja nyumbani kwangu kwa shida tofauti, na wote saba, kabla hawajaondoka, waliniambia habari za fomu ya kodi. Mmoja alikuja kwa ajili ya msiba. Tukaomba, tukafuta machozi, na alipofika mlangoni akageuka akasema, "Mchungaji, na hii ritani ya mapato nayo itatuua." Kwa hiyo leo sitajifanya sijui mioyo yenu iko wapi. Nitawapa mfano. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana mwisho wake si ule mnaoutarajia.

Kulikuwa na mama mmoja mwoka mikate, mjane, katika mji mdogo kama huu wetu. Alikuwa na tanuri la udongo nyuma ya nyumba, na wanawake watatu wakifanya kazi naye. Alfajiri walikanda unga, na jua likichomoza mikate ilikuwa tayari inapelekwa hospitali ya wilaya, kwa wagonjwa. Miaka sita alifanya hivyo. Watu walimwita Mama Mikate, hata jina lake la ubatizo wakalisahau.

Mwaka mmoja hospitali ikamwandikia barua. Ilisema hivi: kuanzia sasa, kila anayetuuzia kitu alete cheti cha kodi. Asiye na cheti, zabuni yake tutampa mwingine. Akapewa siku thelathini.

Mama huyu hakukasirika. Alisema, "Kodi ni haki. Nitalipa." Akabeba daftari lake, lile ambalo kila siku aliandika mikate mingapi imetoka na unga kiasi gani umeingia, akaenda steshenari ambako watu hujaziwa fomu kwenye kompyuta.

Mnaijua ile fomu? Najua mnaijua. Ukurasa wa kwanza jina. Wa pili makazi. Wa tatu namba ya mlipakodi. Mpaka hapo hata mtoto anaweza. Ukurasa wa tano ikamuuliza: mtambo wako wa uzalishaji umechakaa kiasi gani mwaka huu, kwa asilimia? Mwenye steshenari akamtazama mama, mama akamtazama mwenye steshenari.

"Mtambo wako ni upi, mama?"

"Ni tanuri."

"Limechakaa kiasi gani?"

"Halichakai. Likipata ufa nalikandika udongo."

Yule bwana akajaribu kuandika kwamba halikuchakaa. Fomu ikakataa. Akajaribu kuliacha swali wazi. Fomu ikakataa, kisha ikafuta kila kitu na kumrudisha ukurasa wa kwanza. Walirudia mara nne asubuhi ile. Kesho yake mara tatu. Siku ya tatu mtandao haukuwepo. Akaenda ofisi ya kodi yenyewe, akapanga foleni kutwa, alipofika dirishani akaambiwa, "Mama, haya mambo ni ya mtandaoni, rudi steshenari." Akarudi steshenari.

Wangapi hapa mmetembea njia hiyo? Msinyooshe mikono. Nawaona nyusoni.

Siku ya ishirini na mbili, nje ya ofisi ile, mtu mmoja wa makamo akamsogelea. Alikuwa kishoka, mmoja wa wale wanaoshinda pale nje wakiwatafutia watu njia za mkato. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, unajitesa bure. Andika sifuri."

"Sifuri wapi?"

"Kote. Mauzo sifuri, faida sifuri. Ukiandika sifuri, fomu haikuulizi habari za tanuri. Inakurusha moja kwa moja mpaka mwisho. Dakika tano, cheti mkononi."

"Na mikate niliyooka?"

"Mikate gani? Kompyuta haili mikate."

"Hospitali inaila," mama akasema. "Wagonjwa wanaamka wanaila, halafu mimi niandike sikuoka?"

Kishoka akacheka, lakini hakucheka kwa dharau. Akasema, "Foleni nzima hii unayoiona imeandika sifuri, mama. Wewe ni nani?"

Sasa msidhani yule mama alikuwa malaika. Alikwenda nyumbani akawaeleza wale wanawake watatu, na mmoja wao, mwenye watoto wanne na mume mgonjwa, akamshika mkono akamwambia, "Dada, andika sifuri. Mungu anaujua moyo wako."

Mama akajibu, "Anaujua. Hilo ndilo linalonisumbua."

Lakini kesho yake alikwenda steshenari, akaketi mbele ya kompyuta, akaruhusu sifuri ziandikwe. Moja baada ya nyingine. Mauzo, sifuri. Faida, sifuri. Fomu ile ngumu ikawa laini kama siagi. Ikafika mwisho, ikauliza: unathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli? Mwenye steshenari akamwambia, "Bonyeza hapa, mama." Mama akaweka kidole. Kidole kikakataa. Alikaa pale mpaka watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna, akaanza kulia, akaomba msamaha, akaondoka. Alisema baadaye kwamba hakuwaza amri yoyote ya Mungu wakati ule. Aliwaza miaka sita ya kuamka alfajiri, na jinsi ambavyo kwa kubonyeza mara moja angekuwa amesema haikuwepo.

Siku ya ishirini na tano akarudi ofisini. Foleni ilikuwa ndefu, watu kama arobaini, jua kali, kila mtu analaani. Huyu anasema fomu imeandikwa na shetani. Yule anasema serikali haimtaki mnyonge. Mama akafika dirishani. Safari hii alikuta afisa mtu mzima, mwenye mvi, mpole. Akamwekea daftari mbele yake na kusema, "Baba, sikuja kukataa kulipa. Nimekuja kukuomba unioneshe pa kuandika. Tanuri langu ni la udongo."

Afisa akaanza maelezo yale yale. Mama akamkatiza, taratibu, "Samahani, baba. Wewe mwenyewe fomu hii unaielewa?"

Nyuma yake watu wakapiga kelele. "Mama, jaza sifuri utuondokee! Unatuchelewesha!" Wale wale, wapendwa, waliokuwa wanailaani fomu ile dakika mbili nyuma. Hasira yao yote, ambayo ingestahili kwenda kwa walioitunga fomu, ilimwangukia yule mmoja aliyekuwa anajaribu kuijaza kwa kweli.

Lakini afisa yule akainama karibu na dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, fomu hii ina kurasa kumi na moja. Nina miaka mitatu hapa. Sijawahi kuona mwenye biashara ndogo akivuka ukurasa wa tano bila kuandika sifuri. Kwa hiyo cha kukuambia kuhusu ukurasa wa sita sina."

"Basi si muwaambie wakubwa wenu!"

"Nimewaambia mara mbili. Wananijibu kwamba walipakodi hawajalalamika. Wanataka malalamiko ya walipakodi wenyewe, yenye majina."

Mama akageuka akaitazama ile foleni. Akasema, "Majina ndiyo haya hapa."

Afisa akatoka nyuma ya dirisha lake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo. Akasimama kizingitini na karatasi nyeupe, akauliza kwa sauti, "Ni nani hapa ana shida na fomu hii?"

Mikono arobaini ikapanda juu. Kelele, vigelegele, mtu akapiga makofi. Leo ni leo! Hatimaye tumesikilizwa!

Afisa akasema, "Vizuri. Nitaipeleka barua makao makuu kwa mkono wangu, leo hii. Kila mmoja aandike jina lake, namba yake ya mlipakodi, biashara anayofanya, na mahali fomu ilipomkwamisha."

Akampa karatasi mtu wa kwanza.

 Mtu wa kwanza akaitazama karatasi, akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Mwanamume mmoja mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ambaye sauti yake ilikuwa juu kuliko zote, akaishika, akaisoma mara mbili, akamnong'oneza jirani yake, "Mimi katika kumbukumbu zao sina biashara. Nitalalamikia vipi fomu ya biashara?" Akaipitisha. Karatasi ikazunguka foleni yote, mkono hadi mkono, ikarudi kwa afisa. Ilikuwa na jina moja. Mama Mikate aliliandika mwenyewe, tena lile jina lake la ubatizo ambalo watu walikuwa wamelisahau.

Barua ikaenda na jina moja.

Jibu likarudi baada ya miezi miwili. Lilisema: "Tumepokea lalamiko la mtu mmoja. Kwa kuwa wafanyabiashara wengine wote wa wilaya hiyo wamejaza fomu bila tatizo, hatuoni sababu ya kuibadilisha. Mlalamikaji asaidiwe kwa mkono." Afisa akaketi na mama, wakafungua daftari, na kwa muda wa nusu saa kazi ikaisha. Kodi yake ya mwaka mzima ilikuwa ndogo kuliko nauli na malipo ya steshenari aliyokwisha kutoa. Akalipa, akapewa cheti.

Mnataka niwaambie zabuni alirudishiwa? Hakurudishiwa. Siku thelathini zilikuwa zimepita zamani. Mikate ya hospitali alipewa mwoka mikate mwingine, mwenye cheti safi, ambaye kwa mujibu wa karatasi zake hajawahi kuoka hata mkate mmoja. Mama akaanza kuuza mikate yake kwa beseni, nyumba hadi nyumba. Kati ya wale wanawake watatu wakabaki wawili. Aliyeondoka ni yule mwenye mume mgonjwa. Mama alilia kwa ajili yake kuliko alivyolia kwa ajili ya zabuni, na mpaka leo halizungumzii.

Na mwaka uliofuata? Fomu ile ile. Swali lile lile la uchakavu. Foleni ikawa na watu sitini.

Sasa najua mnangoja niseme nini. Mnangoja niseme tuwe waaminifu kama yule mama. Wengine mnangoja niseme ole wao waliotunga fomu ile. Hayo yote mawili ni kweli. Mtu anayeketi kwenye kiti cha juu na kutunga jambo ambalo mjane hawezi kulitimiza bila kusema uongo, atajibu kwa Mungu, tena atajibu kwa uchungu. Sitalainisha hilo.

Lakini mimi leo siwezi kuacha kuwatazama wale watu arobaini. Walionewa kweli, wapendwa. Shida yao haikuwa ya kubuni. Na siku mlango ulipofunguliwa, siku mtu mwenye uwezo wa kuwasemea aliposimama mbele yao na kuuliza, hawakuweza kufumbua kinywa. Ni nani aliyewaziba? Si serikali. Si fomu. Ile sifuri ndogo, ile ya dakika tano, ndiyo iliyowanunua. Kila mmoja alipoiandika alidhani anaikwepa fomu. Kumbe alikuwa anaipigia kura. Alikuwa anawaambia wakubwa: endeleeni, hatuna shida. Tukidanganya ili tupite kwenye dhuluma, ndugu zangu, tunakuwa mashahidi wa dhuluma, upande wake. Kisha yule mmoja anayesimama na kweli tunamzomea, kwa sababu anatuchelewesha.

Na kwa Mungu je? Hatuji hapa kila Jumapili tukiandika sifuri? Nimemkosea nani? Sifuri. Nina nini cha kumpa jirani yangu? Sifuri. Halafu tunashangaa mbona hatuponywi. Ataponyaje jeraha tuliloandika kwamba halipo?

Nami nisisimame hapa juu kana kwamba sikuwa kwenye ile foleni. Ninyi nyote mnaijua mashine yangu ya kukoboa mpunga, pale nyuma ya soko. Inafanya kazi siku sita kwa juma, mnaisikia ikinguruma. Mwaka jana nilikwenda steshenari. Nilifika ukurasa wa tano. Niliandika nini?

Mnajua nilichoandika.

Kesho asubuhi nitakwenda ofisini kwao kukirekebisha. Nitakwenda na daftari langu, na nitakwenda na karatasi nyeupe. Sijui itanigharimu kiasi gani. Nitaandika jina langu, liwe la kwanza kabisa, halafu nitasimama pale mlangoni. Sitamlazimisha mtu. Ila nitafurahi sana nikimwona mmoja wenu anakuja.

Tusimame, tuombe. Na leo, wapendwa, tusianze na malalamiko.