Jina la Kioo cha Nyuma

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, magari yakiwa yameshaanza kubeba kompyuta tumboni, alikuwako mama mmoja huko milimani Rungwe aliyeitwa Atupele, Mama Tumpe. Alikuwa na vani lake jeupe, jipya, la kujivunia. Huko kwao gari lisiloandikwa jina kioo cha nyuma ni kama mtoto asiyebatizwa, na la Mama Tumpe halikuwa na jina. Mume alitaka liandikwe lake, akakataliwa. Mchungaji alipendekeza mstari wa Zaburi, akashukuriwa vizuri, naye akakataliwa. "Jina litakuja lenyewe," mama alisema. Watu wakanong'ona kwamba ana maringo.

Ikafika Jumamosi ya ndoa ya binti yake, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mnajua maana yake: ukiikosa hiyo, ndoa hufungi mpaka Pasaka ipite. Na ng'ombe ameshachinjwa! Wageni walishatangulia kanisani, ng'ambo ya mlima. Ndani ya vani walibaki Tumpe na shela lake, mama yake kwenye usukani, na shangazi yake Subilaga, bingwa wa mapambo, ambaye alikuwa amelifunga gari maua na riboni usoni mpaka likafanana na keki.

Ukungu ukashuka, mzito, hata mti wa jirani huuoni. Kwenye kizuizi trafiki akanyoosha mkono.

"Washa taa kubwa, mama."

Mama Tumpe akawasha. Kimya. Akazima, akawasha tena. Kimya! Ila kwenye dashibodi kataa kekundu kakaanza kumkonyeza.

"Hupiti."

"Afande, nimembeba bibi harusi!"

"Hata ungembeba bibi aliyenilea. Mbele kuna makorongo. Bila taa, hupiti."

Tumpe akaanza kulia, wanja ukamshuka mashavuni. Mama akageuka kumtazama. Pasaka! Mwanawe asubiri mpaka Pasaka kwa ajili ya taa? Akashuka, akasimama katikati ya lami, akapaza sauti hata wauza viazi wakaacha viazi vyao.

"Jamani! Atakayelirudishia gari langu macho, jina lake nitaliandika kioo cha nyuma, leo hii hii, mbele ya harusi nzima!"

Wa kwanza kuja alikuwa Ambakisye, fundi wa pale kizuizini, na mashine yake ya kupimia kompyuta za magari. Watu wakampigia kelele: badilisha balbu! Badilisha fyuzi! Yeye akachomeka waya chini ya usukani, akasoma, akatikisa kichwa. "Msiguse kitu. Taa hazijafa. Kompyuta imeona njia ya umeme haiko sawa, ikazifunga yenyewe isije ikaungua. Ningewasikiliza ninyi, tungebadilisha balbu mpaka kesho."

Akafungua kwa mashine. Umeme ukaja nukta mbili tatu, kompyuta ikafunga. Akafungua, ikafunga. Akafungua, ikafunga! Mama Tumpe akaona matumaini yake yanawaka na kuzimika vilevile.

Ndipo akaja Sekela, dada fundi umeme, na testa mkononi, kile kijitaa cha kupimia umeme. "Kaka, fungua tena, niachie huo muda mdogo." Ambakisye akafungua. Sekela akagusisha testa kwenye soketi ya taa, na waya wa testa kwenye hasi ya betri: testa ikawaka. Akamwambia afungue tena. Safari hii akauhamisha waya wa testa kutoka kwenye betri, akaugusisha kwenye ule waya wa taa unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari: testa ikazimika tii.

"Umeme unakuja, haurudi," akasema. "Waya wa kurudi umeachia mahali huko mbele. Lakini ni wapi, sijui. Tuvue uso wote wa gari, mpaka jioni."

"Jioni!" Mama Tumpe akashika kichwa.

Basi Shangazi Subilaga, ambaye muda wote alikuwa akimpepea bibi harusi, akaacha kupepea. Angenyamaza, nani angejua? Gari lingevuliwa, na katika kuvua lawama ingepotea. Lakini akamtazama mtoto wa kaka yake, akashuka.

"Wifi, nipige ukitaka," akasema. "Jana nilitafuta bolti ya kushikiza fremu ya maua. Niliyoipata hapo usoni mwa gari ilikuwa imeshika kiwaya, kikanizuia. Nikakichomoa. Nikasema gari jipya hivi haliwezi kukosa kiwaya kimoja."

"Subilaga!"

"Ndiyo mimi. Mficha uchi hazai."

Wakang'oa maua. Chini yake, kiwaya kimefungwa kando kwa riboni ya pinki, tena na kipepeo kizuri juu! Sekela akakirudisha, akakaza bolti. Ambakisye akafungua kwa mashine, na safari hii kompyuta haikufunga tena. Taa zikawaka pwaa! Ukungu ukapasuliwa mpaka ng'ambo ya kizuizi. Trafiki mwenyewe akapiga saluti. Vigelegele vikapanda mlima kabla ya gari, na mafundi wote wawili wakapakiwa, wakaenda na spana zao kanisani. Tumpe akaolewa mchana ule ule, wanja wake ukiwa umerekebishwa, na mama yake akacheza mpaka kiatu kikakatika.

Jioni wakati wa chakula akaitwa mchoraji na kopo la rangi. Kioo kidogo, jina moja tu.

Ambakisye akasema, "Bila mimi mngekuwa mnabadilisha balbu mpaka sasa. Nani aliwaambia taa zimefungwa, hazijafa? Na nani alizifungua?"

Sekela akasema, "Kufungua ulifungua, na zikafungwa tena. Aliyejua ugonjwa uko kwenye waya gani ni mimi, tena kwa nukta mbili tatu za umeme."

Subilaga hakutaka kusema. Wakamsukuma. "Kosa ni langu, sibishi," akasema. "Lakini ninyi mlitoa ujuzi, na mmebaki nao. Mimi nilitoa heshima yangu barabarani, siku ya ndoa ya mwanangu. Heshima haina spea."

Wengine wakapiga makofi. Wengine wakaguna: tangu lini mwizi wa mwanga akapewa tuzo ya mwanga? Wengine wakajibu: na asipopewa, kesho nani atafungua mdomo?

Mama Tumpe akawatazama watatu wale, na furaha imemjaa hadi machozi. Nadhiri ni nadhiri. Brashi imeshachovywa, rangi inadondoka, mchoraji anauliza, "Mama, niandike nani?"

Haya, mnaonisikiliza, msinitazame mimi, brashi iko kwenu. Je, nani alistahili kioo kile?