Kimya cha Kidoti

Hapo zamani, nguchiro walipokuwa na kamati nyingi kuliko mashimo ya kujifichia, aliishi nguchiro mmoja mdogo, jina lake Kidoti. Kidoti alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Mwenyewe alilijua hilo, na alimwambia kila aliyekuwa na masikio. Kilichobaki ni Katibu kuliona.

Katibu wa kichuguu, Bwana Kunguzi, alikuwa amechora alama kwa kucha kwenye ukuta wa udongo. Aliyeifikia kwa masikio, mtu mzima. Asiyeifikia, mtoto. Kidoti alikuwa amekwisha kupimwa mara nne.

"Umepungua punje moja ya mtama," Katibu alimwambia mara ya nne.

"Mara ya tatu pia ulisema punje moja, na mimi nimekua!"

"Basi na udongo umekua. Mchwa wanajenga kila siku. Njoo baada ya mvua."

Kungoja mvua si neno, ila kesho yake ukoo mzima ulikuwa unahamia kichuguu kingine. Katika kuhama, watu wazima hutembea kwa miguu yao. Watoto hubebwa mdomoni kwa ngozi ya shingo, miguu ikining'inia. Kidoti alikuwa amening'inia safari sita. Ya saba, aliapa, hataning'inia.

Sasa, nguchiro wana desturi yao. Wengine wakifukua mbawakawa, mmoja hukaa kileleni akiimba: tii, tii, tii. Wimbo ukisikika, kuna usalama. Wimbo ukikatika, kuna mwewe. Kila mtu shimoni, na mlinzi huingia wa mwisho. Mlinzi hapigi kelele, maana kelele humwonyesha mwewe pa kushukia. Kazi yake ni kunyamaza tu, na kazi hiyo ni ya watu wazima.

Mlinzi wa zamani alikuwa amestaafishwa kwa sababu ya macho, baada ya kunyamazia mawingu mawili. Kamati ikamweka Shungi, kaka yake Kidoti, awe kaimu mpaka jioni, mlinzi wa kudumu atakapochaguliwa. Shungi akaimba tangu alfajiri, hata tumbo lake nalo likaanza kuimba.

"Kaka, shuka ule. Nikushikie," Kidoti akamwambia.

"Wewe? Katibu akikuona?"

"Katibu kainamia mbawakawa. Na ile alama yake inapima masikio, haipimi sauti."

Shungi akatazama huku na huku, akashuka.

Kidoti akapanda, akaimba. Tii, tii, tii, sauti nyembamba kama uzi. Huko chini wakacheka: "Shungi kapata msaidizi!" Wakaendelea kufukua.

Mara Kidoti akaona doa jeusi upande wa jua. Akanyamaza.

Hakuna aliyekimbia.

"Mtoto kachoka," alisema Katibu, mdomo umejaa. "Shungi ataendelea sasa hivi."

Doa likaota mabawa. Kidoti alitamani kupiga ukelele, akatamani zaidi kukimbia. Lakini mlinzi hapigi kelele, na mlinzi huingia wa mwisho. Akauma ulimi, akakaa palepale.

Shangazi yao, Bi Makeke, ndiye aliyeinua kichwa. "Kimya hicho!"

"Aa, Shangazi, ni mtoto tu," akasema mmoja wao.

"Nimekuuliza umri wake? Kimya ni kimya! Ndani!" Akawasukuma kwa pua, akawauma mikia, wote ishirini na wawili. Wa kwanza kuingia alikuwa Katibu.

Shungi naye akageuka, akamwona mdogo wake peke yake kileleni na mwewe amekunja mabawa. Akapanda mbio, akamrukia, wakabiringika wote wawili hadi shimoni. Mwewe akaondoka na nusu ya sikio la Shungi.

Katibu, wa kwanza kuingia, akawa pia wa kwanza kufungua kikao. Ajenda moja: mlinzi. Nafasi moja.

"Ni mimi," alisema Shungi, damu ikimchuruzika. "Niliteuliwa. Na nilirudi juu wakati kila mtu anashuka chini. Nisingerudi, saa hii tungekuwa matangani."

"Wewe uliacha kazi," akajibu Bi Makeke. "Sikio hilo ni faini. Mimi ndiye niliyesikia! Kimya kisichosikilizwa kina faida gani? Bila mimi, mmoja wenu angekuwa angani sasa hivi, tena si kwa kupenda."

Kidoti akajitokeza mbele. "Shangazi, ulisikia nini? Si kazi yangu? Niliona, nikanyamaza. Hamkunijali, bado nikakaa. Mnataka mtu mzima afanye nini zaidi?"

"Afikie alama," alisema Katibu. "Ulipanda bila idhini. Kimya cha asiyesajiliwa si kimya rasmi."

"Basi mbona ulikimbia, Bwana Katibu?"

Katibu akaitazama alama yake ukutani. Akasema suala linahitaji kutafakariwa, akawaachia wajumbe.

Nje mbawakawa walikuwa wametapakaa, na ndani matumbo yalikuwa yananguruma. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka mtu aimbe. Na atakayeimba, kesho atatembea kwa miguu yake, hata awe mfupi vipi.

Haya, ninyi mliokuwa mkisikiliza na ninyi mliokuwa mkijifanya mnasikiliza, wajumbe ni ninyi. Je, nani alistahili kukaa pale kileleni: aliyeona, aliyesikia, au aliyerudi?